Nani Atatuimbia So

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku wazima. Nikisema sisi namaanisha mimi na cherehani, maana tangu mpwa wako aolewe nyumba hii imebaki na sauti mbili tu, yangu na ya cherehani, na ya cherehani ndiyo kubwa. Mguu ulionisumbua umepoa. Wateja wapo, wengi wanataka kupunguziwa nguo walizonunua zikiwa kubwa. Wifi hajambo? Mwambie nimemkumbuka. Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu zake hata moja, nikasema labda karatasi ilikwisha.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu, badala ya kumsumbua dereva Polepole na lori la ghala lenu. Simu naipokelea kibarazani, na kibarazani wapo watu wanaosubiri kupimwa, na wana masikio. Isitoshe wewe kwenye simu unasema "ndiyo dada, sawa dada," basi, umekwisha. Kwenye karatasi angalau unajaza ukurasa.

Jambo lenyewe ni kinanda. Kile cha kanisani, alichokuwa anakipiga marehemu shemeji yako, na tangu Mungu amchukue nakipiga mimi. Unajua alichowahi kunifundisha ni vibonye vyeupe tu. Vyeusi alisema tutafika, hatukufika. Sasa kibonye cha so, ile so ya katikati, kimekufa. Ukikibonyeza kinashuka kama kawaida lakini hakisemi kitu. Fundi redio alikifungua kinanda, akakifunga, akasema ubao wa ndani umeliwa na vipuri vya aina ile havitengenezwi tena. Na mimi nyimbo zote nazianzia do ile ile moja, kwa hiyo so haikosekani hata kwenye wimbo wa watoto wa chekechea. Jumapili ya kwanza tulisikika kama mtu anayecheka bila meno ya mbele.

Mwalimu wa kwaya akaamua kwamba mpaka tupate kinanda kingine, so itaimbwa. Akamteua mtu mmoja wa sauti ya nne, fundi mwashi aliyekuja mjini kwetu na kampuni inayojenga shule. Kazi yake ni kusimama kando ya kinanda, upande wangu wa kushoto, na kila kidole changu kikienda kwenye so, yeye aitoe kwa mdomo. Si neno, ni sauti tu, mm, kisha ananyamaza mpaka ije nyingine. Usicheke. Watu walicheka Jumapili mbili, ya tatu wakazoea. Jina lake wameshalisahau, anaitwa Bwana So. Juzi alikuwa na kikohozi, na mama kiongozi wa sauti ya kwanza akasimama kutangaza kwamba so imepata mafua, tuiombee.

Michango ya kinanda imetimia, namshukuru Mungu, na wazee wa kanisa wamesema mpigaji ndiye aamue kinunuliwe kipi na lini. Mpigaji ni mimi. Na wewe unashinda kwenye ghala lililojaa vinanda. Nishauri ndugu yangu.

Dada yako


Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imechelewa kunifikia, lori la Polepole lilikatika springi wakalilaza njiani. Mimi mzima, kazi ipo. Chumba ni kile kile. Dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha magodoro, basi kama kumekucha najua kwa king'ora chao, si kwa jua. Nimefurahi mguu umepoa.

Habari ya Bwana So niliisomea kwenye rafu za nyuma nikacheka peke yangu, mlinzi akaja kuangalia nani amebaki ndani.

Sasa kinanda. Kipo kimoja tunacho ghalani, naona ndicho kitakachowafaa. Sauti yake ni kubwa bila kuunganishwa na spika nyingine, na umeme ukikatika kinatumia betri za tochi, zile kubwa za kawaida ambazo hata duka la jirani yako wanazo. Shida ni hii. Mwezi wa saba linaingia toleo jipya. Nimeona picha zake. Ni jembamba, linapendeza, lakini betri yake imefungiwa ndani, ikifa mpaka kipelekwe kwa fundi wao, na nusu ya mambo yake huyapati bila kukiunganisha na simu. Likishaingia hilo, haya ya sasa yanaondolewa rafuni yote na hayatatengenezwa tena.

Kwa hiyo msisubiri. Niandikie neno moja tu, ndiyo, nami nitakipakia kwenye lori kikiwa ndani ya katoni yake.

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi sijambo. Mvua ilinyesha mpaka maji yakaingia kibarazani, nikawa nashona nimeweka miguu juu ya kigoda. Mpwa wako anakusalimu, amepiga simu juzi, anasema mume wake anakoroma, nikamwambia amshukuru Mungu kwamba yupo wa kukoroma. Hujaniambia lolote la wifi. Nimemwekea kitambaa kizuri, cha maua madogo ya buluu, nataka nimshonee gauni. Nitumie vipimo vyake, kifua, kiuno, na urefu kutoka begani. Usikisie, wanaume mnapokisia mnatupa gauni la pipa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mchungaji alisafiri, na aliporudi mtunza hazina akawa mgonjwa, na alipopona mvua ikaanza. Na kusema kweli bado natafakari. Wapo watu hapa wanasema kitu kipya ni kipya, kwa nini kanisa linunue kinachoondolewa rafuni. Labda tungoje tulione hilo toleo la mwezi wa saba. Hatuna haraka sana. Tunaimba.

Bwana So amekuwa mtu wa kutegemewa. Anakuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, ananawa bombani nje ya kanisa mpaka kwenye viwiko, lakini saruji haitoki kwenye mikunjo ya vidole. Karatasi ya nyimbo haishiki, anasema ataichafua, basi inakaa mbele yangu na yeye haitazami hata hivyo. Mwalimu wa kwaya hamtazami, kwaya haitazami. Anatazama mkono wangu. Ni mtu wa maneno machache, amefiwa na mke zamani, watoto ni wakubwa.

Jumapili iliyopita nilikosea. Palikuwa pa so, kidole kikaenda fa, naye akaitoa so yake mahali pake kama kawaida, mimi ndiye nikaonekana nimelewa. Baada ya ibada nikamwuliza alijuaje na hali mkono ulikwenda kwingine. Akasema, "Bega lako linashuka kidogo kabla ya so."

Mdogo wangu, nimepiga kinanda miaka yote hii sikujua kwamba bega langu linashuka. Hata marehemu hakuwahi kuniambia. Nilienda nyumbani nikapiga so juu ya meza nikiwa mbele ya kioo. Linashuka kweli.

Nishauri zaidi juu ya kinanda.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Mzima mimi. Barua yako ina kurasa mbili zilizojaa, na kinanda kina mistari mitano humo. Mingine yote ni bega.

Vinanda vya toleo la sasa vimebaki vitatu. Meneja ametembelea rafu akiwa na kalamu sikioni, na akija na kalamu ujue kitu kinaondoka. Nimechukua kimoja nikakisogeza nyuma ya katoni za pasi, ambako hakuna anayefika isipokuwa mimi na panya. Sikukiiba, kipo ghalani, ila hakionekani. Nitakishikilia nitakavyoweza.

Wakati wa chakula nimekuwa nikikitoa kwenye katoni kidogo kukijaribu, nisije nikawaletea kibovu. Ila sijui kupiga. Niandikie ule wimbo wenu wa kufungulia ibada kwa do re mi, niupige hivyo hivyo kwa kidole kimoja.

Huyo fundi mwashi ni mtu wa namna gani? Nauliza tu. Mimi ndiye niliyebaki wa kuuliza, baba hayupo.

Gauni lisubiri.

Mdogo wako


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Barua yako ilinikasirisha, nikaiweka chini ya cherehani nisiione, ndiyo maana nimechelewa. Mimi ni mjane, ni mshonaji, mkwe wangu ananiamkia kwa kuinama. Unaniuliza habari za mwanamume kama vile umenikuta nimesimama dirishani nasuka nywele. Ni mtu wa namna gani? Ni mtu wa sauti ya nne. Nimemaliza.

Na wewe unaniambia gauni lisubiri. Lisubiri nini? Wifi ananenepa au anakonda, yote mawili yana dawa, ndiyo kazi yangu. Msalimu sana.

Wimbo ni huu: do do mi so, so la so mi, fa mi re do. Unarudia mara mbili, kisha unapanda. So ni nyingi kama unavyoona. Ukifika hapo bonyeza kwa ajili yangu, mimi nimeshasahau inavyolia kwenye kinanda.

Shule imefika kwenye bati. Wapaka lipu wamemaliza, na yeye alikuwa na Jumamosi moja bila kazi, akaja kunijengea kizingiti cha mlango kilichokuwa kimebomoka, ambacho hata wewe ulijikwaa ulipokuja kuzika. Malipo alikataa, akanywa maji. Alipomaliza akakaa kibarazani akisubiri saruji ikauke asije mtu akaikanyaga, na mimi nikaendelea kushona. Baada ya muda akasema cherehani yangu inalia fa. Nikasema cherehani hailii fa, inalia cherehani. Akasema ni fa. Wateja wawili wakaingilia, mmoja upande wangu, mmoja upande wake. Ikabidi twende kanisani kupima, yeye akiwa ameishika ile sauti mdomoni njia nzima ili isipotee, mm, mpaka anapishana na watu wanadhani ana maumivu ya tumbo. Nikabonyeza fa. Ilikuwa fa.

Sijacheka hivyo siku nyingi, Mungu anisamehe, na ilikuwa ndani ya kanisa.

Kinanda nimekiombea. Nimemwambia Mungu anionyeshe wakati wa kununua, na bado hajanionyesha, au mimi sijaangalia vizuri. Nadhani tungoje toleo jipya.

Dada yako


Tarehe 4 Julai

Dada,

Shikamoo. Nisamehe nilipokukosea. Sikuuliza kwa ubaya.

Toleo jipya limeingia. Tumelishusha siku mbili, katoni nyeupe zenye picha ya msichana anayecheka. Vile viwili vya zamani vilivyobaki vimepelekwa tawi jingine. Sasa katika ghala hili kipo kimoja tu, cha nyuma ya pasi. Lakini mwisho wa mwezi tunahesabu mali, na rafu ya pasi nayo itahesabiwa. Nikikutwa na kitu nisichoweza kukieleza, kinaondoka, na mimi naweza kufuata nyuma yake. Kwa hiyo dada, sasa si suala la kutafakari. Ni ndiyo au hapana.

Kama ni hapana sitakulaumu.

Wimbo nimeujua. Wenzangu wakienda kula mimi naweka katoni moja juu ya nyingine, nakaa, naupiga polepole. Mlinzi wa getini sasa anaujua, anaupiga mluzi akifungua geti. So inalia vizuri, haina neno. Nikifika kwenye so nakumbuka uliniambia nibonyeze kwa ajili yako, nabonyeza. Mchana mwingine ule ndio muda pekee ninaoona kama nimezungumza na mtu.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana. Ndiyo. Tuma kinanda.

Nimemwambia mtunza hazina, naye atamkabidhi Polepole malipo kwa risiti. Hicho hicho cha betri za tochi, hilo jembamba la msichana anayecheka wabaki nalo. Ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo, nisamehe kwa kukuchosha.

Shule imekwisha. Kampuni imehamia mji ule wa katikati ya njia, ambako lori lenu hupumzika, wanajenga zahanati. Jumatano baada ya mazoezi Bwana So alikuja nyumbani. Hakuingia. Alisimama juu ya kizingiti alichokijenga mwenyewe, kofia mkononi. Alinieleza kwamba msimamizi wake amempa hiari, aende na wenzake kwenye zahanati, au abaki hapa kujenga uzio wa shule na kufanya matengenezo madogo madogo, kazi isiyo na haraka, inaweza kuchukua hata mwaka. Nikasema ni jambo zuri mtu kupewa hiari. Alikuwa anaizungusha ile kofia. Nikadhani amechoka, nikamletea maji, akayashika hakuyanywa.

Kisha akasema, "Na nikiondoka, nani atawaimbia so?"

Nikamjibu, "Hilo lisikusumbue. Mdogo wangu ananitafutia kinanda kipya, kina so zote."

Akasema basi vizuri. Akanirudishia glasi, akavaa kofia, akaniaga kwa heshima kama anavyoaga wazee wa kanisa. Ijumaa lori la kampuni likaondoka naye akiwa nyuma, juu ya mbao za jukwaa.

Nakuandikia haya ili uone kwamba hatuna tena mtu wa kuimba, kwa hiyo kinanda kinahitajika haraka. Nilimjibu ukweli, sivyo? Kinanda kipo, uliniandikia mwenyewe kwamba kipo. Nisingeweza kumwambia hakipo na hali kipo. Usiku na mchana naurudia ule mlango kichwani na kila mara naona nilisema kweli tupu, lakini sipati usingizi wa mtu aliyesema kweli.

Jumapili tuliimba wenyewe. Kila penye so palikuwa na shimo. Mama kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye huwa hakosi neno, safari hii alinishika mkono tu tulipotoka.

Msalimu wifi. Kitambaa chake bado nimekitunza.

Dada yako


Tarehe 28 Julai

Dada,

Shikamoo. Kinanda kiko kwenye lori, kimefungwa kwa blanketi langu. Betri nimeziweka ndani, na akiba nimezibandika chini ya katoni. Malipo yamefika, karatasi zimepigwa mhuri, mali imehesabiwa na mimi bado nipo kazini.

Sasa sikiliza. Yule mtu hakuwa anauliza habari za kinanda.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na nimeona hukuliona hilo, au uliliona ukaogopa kuliandika. Mtu aliyepewa hiari ya kubaki haji mlangoni kwa mtu kuuliza mambo ya vibonye. Alikuwa anaomba aambiwe abaki. Wewe ukamwambia tumepata chombo kinachofanya kazi yako. Najua hukukusudia.

Jambo la pili. Usimsalimu wifi tena. Hayuko hapa tangu mwaka jana, mwezi wa kumi. Anaishi kwao, mzima. Sikukuambia kwa sababu kwenye barua zako alikuwa bado mke wangu, anasalimiwa, anakatiwa kitambaa, anadaiwa vipimo. Ndipo mahali pekee palipobaki. Sikutaka kupafuta. Naye alisimama mlangoni siku moja akaniuliza kitu kidogo, nami nikamjibu kitu kingine. Sitaandika zaidi ya hapo.

Polepole hulala usiku mmoja pale wanapojenga zahanati, kwenda na kurudi. Kubeba barua anajua. Kusoma za watu hawezi hata akitaka, miwani yake imevunjika tangu mwezi wa kwanza, na ndiyo maana lori linakatika springi.

Nyuma ya katoni za pasi pamebaki wazi. Nimeweka kiti.

Mdogo wako


Tarehe 1 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe peke yako, kwa jina la Bwana aliyekuona siku zote nilipokuwa sikuoni.

Nilipoisoma barua yako niliacha kazi, nikawaambia wateja waje kesho. Nimekaa juu ya kizingiti mpaka kivuli cha nyumba kikavuka njia. Silii kwa kuwa ulinificha. Nalilia zile salamu zangu, barua baada ya barua, msalimu wifi, msalimu wifi, na wewe unazisoma ukiwa unatazama ukuta wa magodoro. Kitambaa nimekikunja nimekiweka kabatini. Sitamkatia mtu mwingine. Akirudi, vipimo nitampima mimi mwenyewe. Asiporudi, nacho kitakaa, si mzigo.

Kinanda kimefika salama, na blanketi lako nimelifua, utalikuta hapa. Nimesema utalikuta, kwa hiyo omba likizo. Kibarazani pana nafasi ya kiti kingine, na wewe sasa unajua wimbo mmoja mzima, hapa wapo watu wanaoimba wasiojua hata nusu.

Tulikizindua Jumapili. Mchungaji alikiombea, mtunza hazina akakipiga picha kutoka kila upande. Mama kiongozi wa sauti ya kwanza akatangaza kwamba so imepona, na watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa, nikaanza wimbo wa kufungulia. Do do mi, nikabonyeza so. Ililia, mdogo wangu. Ililia safi kama kijiko kwenye glasi, na mwalimu wa kwaya akatabasamu. Ubeti wa kwanza wote niliupiga hivyo, kila kitu mahali pake, na kwaya ikaimba vizuri kuliko mwaka mzima.

Ubeti wa pili nilipofika kwenye so bega likashuka. Lilishuka lenyewe, na nikajikuta natega sikio upande wa kushoto. Kidole kikasimama juu ya kibonye. Sikukibonyeza. Nikaenda mbele, nikafika kwenye so nyingine, nikasimama tena. Mpaka mwisho wa ibada nimeziacha zote. Kwaya nayo, kwa mazoea, ikaniachia nafasi. Tulipomaliza mwalimu akaja kwa wasiwasi kuuliza kama kibonye kimekufa tena na hali kinanda ni kipya. Nikamwambia kibonye ni kizima, ni kidole hakijazoea. Akasema basi nifanye mazoezi.

Sijui kama nitafanya.

Hii ni barua ya pili kuiandika leo. Ya kwanza ni fupi, na si yako. Nimeichana mara kadhaa, mwanzoni iliomba radhi, halafu ikaeleza habari za kinanda, halafu ikauliza zahanati imefika wapi, kama vile mimi ni mkaguzi. Mwishoni nimetoa yote hayo. Polepole atazipokea zote mbili, na kwa kuwa ile ya njiani ndiyo ya karibu, yake itafika kabla ya yako. Sijui kama itajibiwa. Shule inajengewa uzio na mtu mwingine sasa, kijana, anaimba ovyo akiwa kazini.

Nilichomwandikia ni salamu, kisha kwamba kinanda kimefika, kisha kwamba bega bado linashuka.

Dada yako